Kurejea katika Haki na Kugeuka kwa Ajili ya Nafsi

Ndugu wasomaji, hivi karibuni nalipata safari ya kwenda bara, nikakaa siku nne Gakindu, katika nchi ya Mukurwe-ini upande wa Nyeri, kwa ndugu yetu mmoja mwenye duka huko. Gakindu ni mji mdogo wa soko kati ya mashamba ya kahawa, na mtu wa pwani akifika huko huona baridi kwanza, kisha huona mambo ambayo hakuyatazamia.

Siku ya pili twalikwenda Nyeri mjini, tukaingia kutazama kanisa la ukumbusho lililojengwa na Wataliani mwaka 1952. Humo yamewekwa mabaki ya mamia ya Wataliani waliokufa katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Pamoja nao yumo Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa naibu wa mfalme wa Italia juu ya Uhabeshi, Eritrea na Somalia. Alisalimu amri huko Amba Alagi mwezi wa Mei 1941, akaletwa Kenya mfungwa wa vita, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942.

Jioni tuliporudi Gakindu tulikaa barazani pa duka, na kijana mmoja mwenyeji, msomi, aliyekuwa amefuatana nasi, akaniuliza: "Mwalimu, wale tuliowaona leo walitumwa na Mussolini. Nami nimesoma kwamba Mussolini alianza akiwa mtetezi wa wafanya kazi, na kwamba alifungwa kwa kupinga vita vya kuiteka Libya. Mtu kama huyo akigeuka, tuseme alikuwa mwongo tangu mwanzo, au alikuwa mkweli akaharibika? Na ikiwa mkweli huharibika hivi, mimi nimwamini nani?"

Nalimjibu maneno machache ambayo hayakunitosha mimi mwenyewe, seuze yeye. Makala haya ndiyo jawabu nililopaswa kumpa.

Kwanza na tuondoe jawabu moja jepesi. Wako wasemao kwamba ubaya wa mtu huyu ni kubadili rai yake, kwani muungwana habadili neno. Rai hii hatuwezi kuikubali, khasa sisi tunaokutana katika darsa. Kazi yetu yote ni kuwaambia watu: yatazameni upya mliyoyarithi, na lililo kosa liacheni, hata kama mlikuwa nalo tangu utotoni. Anayewaita wenzake wageuke hawezi tena kuhukumu kwamba kila kugeuka ni khiyana. Na mtu aliyeshikamana na kosa lake miaka sitini kwa kuona haya kulikiri, huyo si mwaminifu. Ni mkaidi tu. Basi swali si kama mtu ageuka au hageuki. Swali ni kwamba ageukapo, aacha nini na achukua nini.

Benito Mussolini alizaliwa mwaka 1883, baba yake mhunzi, mama yake mwalimu wa skuli. Baba alikuwa msoshalisti, yaani mmoja wa wale waliotaka mali ya nchi iwe kwa faida ya wafanya kazi wote na si ya matajiri wachache, na mtoto akaifuata njia hiyo. Mwaka 1911 serikali ya Italia ilipopeleka majeshi kuiteka Libya, iliyokuwa chini ya Waturuki, Mussolini aliwachochea watu wa mji wa Forlì wagome. Akakamatwa, akafungwa miezi mitano. Tusimnyime haki yake. Wazungu walioingia gerezani kwa kuipinga serikali yao katika jambo kama hilo hawakuwa wengi. Kwa sifa hiyo na kwa ufundi wa kalamu yake, Desemba 1912 alipewa uhariri wa Avanti!, gazeti kuu la chama chake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, chama kilisema Italia isiingie. Kwa miezi michache naye alisema hivyo hivyo. Oktoba akageuka, akaacha uhariri, na Novemba akaanzisha gazeti lake mwenyewe, Il Popolo d'Italia, kwa msaada wa fedha za wenye viwanda na za wageni waliotaka Italia iingie vitani. Chama kikamfukuza. Machi 1919, mjini Milano, akaanzisha kundi lake la ufashisti. Ahadi zake za kwanza zilikuwa bado na harufu ya zamani: saa nane za kazi kwa siku, kura kwa wanawake, kodi nzito juu ya wenye mitaji. Lakini katika uchaguzi wa Novemba mwaka ule hakupata kiti hata kimoja. Hapo makundi yake ya mashati meusi yakapata kazi nyingine na wafadhili wengine. Wenye mashamba makubwa ya bonde la mto Po waliyasaidia kwa fedha, nayo yakawapiga vibarua wa mashambani, yakachoma ofisi za vyama vya wafanya kazi na maduka yao ya ushirika. Hata ofisi ya Avanti! mjini Milano, gazeti ambalo yeye mwenyewe alikuwa mhariri wake, ilikwisha kuvamiwa na kuteketezwa tangu Aprili 1919, na wafuasi wake walikuwa miongoni mwa waliofanya hivyo.

Oktoba 1922 mfalme akamwita aunde serikali. Mwezi wa Mei 1924 mbunge msoshalisti, Giacomo Matteotti, alisimama bungeni akaeleza jinsi uchaguzi wa mwaka ule ulivyoendeshwa kwa vitisho na kupigana; tarehe 10 Juni akakamatwa njiani mjini Roma, akauawa. Januari 1925 Mussolini alisimama katika bunge lile lile akatangaza kwamba jukumu la yote yaliyotokea ni lake. Baada ya hapo hakukuwa tena na wa kumwuliza.

Sasa turudi Libya, kwani hapo ndipo pa kumpimia mtu huyu. Nchi ile ile ambayo kwa ajili yake alilala gerezani mwaka 1911, aliirithi alipopata madaraka, na hakuiacha huru. Kati ya mwaka 1930 na 1933 watu wapatao laki moja wa Barqa, wake kwa waume na watoto na mifugo yao, waliondolewa katika makao yao wakatiwa katika makambi yaliyozungushiwa waya, wakafa humo makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Umar al-Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani aliyeongoza upinzani hali umri wake umekwisha kupita miaka sabini, alikamatwa, akanyongwa huko Suluq tarehe 16 Septemba 1931 mbele ya watu wake waliokusanywa wamtazame akifa. Miaka sita haikupita, na Machi 1937 Mussolini akaingia Tripoli juu ya farasi, akakabidhiwa upanga ulioitwa Upanga wa Uislamu, akajitangaza kuwa mlinzi wa Waislamu. Upanga wenyewe ulikuwa umefuliwa Florence, kwao Italia. Kati ya mauti ya Umar al-Mukhtar na sherehe hiyo aliivamia Uhabeshi, mwezi wa Oktoba 1935, kwa ndege na hewa ya sumu. Na katika majeshi yake ya Uhabeshi waliandikwa Waislamu wa Libya, Eritrea na Somalia wakapigane na Waafrika wenzao.

Basi tumwulize: ulipokuwa gerezani mwaka 1911, ulikuwa ukimtetea nani? Nadhani jawabu ni kwamba hakuwa akimtetea Mlibya. Alikuwa akimchukia waziri aliyempeleka mkulima maskini wa Italia kufa jangwani, na chuki hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kumchukia mwenye kudhulumu ni jambo moja, na kumpenda aliyedhulumiwa ni jambo la pili. Mambo haya mawili hufuatana aghalabu, hata watu wakadhani ni kitu kimoja. Hutambulikana kuwa ni mawili siku mwenye kuchukia anapokalia kiti cha yule aliyekuwa akimchukia.

Mtu asiseme kwamba nafasi ya madaraka humgeuza kila mtu, na hakuna la kufanya. Katika gereza lile la mwaka 1911, pamoja na Mussolini, alifungwa kijana mwingine kwa kosa lile lile, jina lake Pietro Nenni. Naye aligeuka, tena si mara moja. Alikuwa wakati huo si msoshalisti, bali ni katika wale waliotaka jamhuri mahali pa ufalme. Vita vilipokuja alivitaka. Na mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa walioanzisha tawi la ufashisti katika mji wa Bologna. Lakini alipoona mashati meusi yakichoma nyumba za wafanya kazi aliwaacha, na mwaka 1921 akaingia katika chama cha Wasoshalisti, wakati ambao wasoshalisti ndio waliokuwa wakipigwa. Akaishia uhamishoni Ufaransa, akaenda kupigana na mafashisti Hispania, na binti yake Vittoria alikufa katika kambi ya Auschwitz mwaka 1943. Wote wawili waligeuka. Mmoja aliwaendea wenye marungu, na mwenziwe akawaendea waliokuwa wakipigwa kwa marungu hayo.

Huko Ulaya kati ya vita viwili Mussolini hakuwa peke yake. Nitataja wengine wawili, kwa sababu kila mmoja alitokea mlango wake, na sisi yatupasa kuijua milango yote.

Mwingereza Oswald Mosley, tajiri wa ukoo wa kibwanyenye, aliingia bungeni mwaka 1918 kwa chama cha Wahafidhina, akakiacha, na mwaka 1924 akaingia katika chama cha Labour. Mwaka 1929 alitiwa katika serikali na kupewa, pamoja na wengine, kazi ya kutafuta dawa ya ukosefu wa kazi. Aliandika mpango wake mapema mwaka 1930, na wataalamu wengi wa uchumi waliokuja baadaye wamesema kwamba ulikuwa na busara. Wakubwa wake wakaukataa. Mei 1930 akajiuzulu, akaunda chama kipya kisichopata kitu katika uchaguzi wa 1931, akaenda Italia kutazama, na Oktoba 1932 akaanzisha chama cha mafashisti wa Uingereza. Mlango wake ulikuwa ni kukosa subira. Aliona dawa mkononi mwake na mgonjwa mbele yake, na kati yao watu wanajadiliana. Akasema, na waondoke wanaojadiliana. Tarehe 4 Oktoba 1936 alitaka kupitisha wafuasi wake katika mitaa ya mashariki ya London, kwenye Mayahudi wengi. Waliomziba njia ni watu wa mitaa ile ile, wafanya kazi na maskini, wale aliokuwa akisema kwamba anawatafutia riziki.

Mfaransa Jacques Doriot alikuwa fundi wa vyuma na mkomunisti. Mwaka 1924 yeye na mwenzake walimpelekea simu ya pongezi Muhammad bin Abdulkarim al-Khattabi, kiongozi wa watu wa Rif huko Morocco, kwa kuwashinda Wahispania. Na Ufaransa ilipoingia vita hivyo, Doriot alivipinga kwa nguvu. Mwaka 1931 akawa meya wa Saint-Denis. Mwaka 1934 alitaka chama chake kishirikiane na Wasoshalisti ili kuuzuia ufashisti. Chama kikakataa, kikamfukuza, na mnamo mwaka ule ule kikaifuata rai ile ile aliyofukuziwa. Alikuwa amesema kweli, akaadhibiwa kwa kuitangulia. Yeyote aliyewahi kutendwa hivi na jamaa zake ajua uchungu wake. Lakini Doriot aliulea uchungu ule mpaka ukawa ndio dini yake. Mwaka 1936 akaunda chama chake, akageuka fashisti, akavaa sare ya jeshi la Kijerumani kwenda kupigana Urusi, akauawa na ndege za vita huko Ujerumani mwezi wa Februari 1945. Mlango wake ulikuwa ni kinyongo.

Kupenda ukubwa, kukosa subira, na kinyongo: milango ni mitatu, na nyumba ni moja. Katika kila mmoja wa watu hawa naona hatua ile ile. Kwanza husema kwa niaba ya mnyonge. Kisha mnyonge mwenyewe huwa mzito: hapigi kura ipasavyo, hafahamu haraka, auliza maswali, amsikiliza mwingine. Hapo msemaji hubaki na nguvu aliyoikusanya kwa jina la mnyonge, na mnyonge humtoa katika hesabu. Maneno hayabadiliki sana; bado ni umma, bado ni haki, bado ni adui aliyetudhulumu. Ndiyo maana wafuasi wengi hawakujua ni siku gani walipovuka.

Ndugu msomaji, ukidhani kwamba hii ni hadithi ya Wazungu waliokufa, niruhusu nikuhadithie jambo moja dogo, ambalo kosa lake ni langu. Miaka mingi iliyopita nalikuwa katika kamati ya chama kimoja cha kusaidiana, tulichokianzisha kwa ajili ya wajane na mayatima. Tulifanya kazi kwa moyo safi, na hesabu zetu zilikuwa sawa. Hapana aliyekula hata senti. Siku moja katika mkutano mjane mmoja alisimama akauliza kwa nini fungu lake limepungua kuliko la mwenziwe. Sababu ilikuwapo, nayo ilikuwa ya haki. Lakini sisi tulikuwa tumechoka, na tulikuwa na wageni siku hiyo tuliotaka watuchangie. Tukamwambia kwamba anavunja jina la chama. Katika kikao kilichofuata tukaweka kanuni kwamba kila lalamiko liletwe kwa maandishi. Kanuni hiyo naliiandika mimi kwa mkono wangu, nami nalijua kwamba yule mama hakujua kuandika. Hakuja tena. Chama kiliendelea, kikasifiwa, na kila mwaka tukasimama tukahutubia juu ya haki za wajane.

Sisemi kwamba jambo hili na la Suluq ni sawa. Kulinganisha hivyo ni kuwadharau waliokufa. Nasema kwamba hatua ya kwanza ni ile ile, nami nimeipiga, na niliipiga nikijiona mwema. Mussolini, Mosley na Doriot hawakuanza kwa kuua. Walianza kwa kuona kwamba kazi ni njema mno haiwezi kungoja swali la mtu mmoja.

Sasa, ni kwa alama gani tutapambanua kurejea katika haki na kugeuka kwa ajili ya nafsi? Wengine husema: tazama gharama, anayerejea katika haki hulipa, na anayegeuka kwa nafsi hulipwa. Alama hii ina manufaa, na ndiyo inayompambanua Nenni na Mussolini katika mwaka 1921. Walakini peke yake haitoshi, kwa kuwa Doriot naye alilipa kwa roho yake, na mtu aweza kuifia batili kama awezavyo kuifia haki.

Alama ya pili ni kukiri. Anayerejea husema wazi: jana nalisema hivi, nalikosea, na waliodhurika kwa kosa langu ni fulani na fulani. Anayegeuka kwa nafsi hasemi hivyo. Husema kwamba yeye hakubadilika kamwe, wengine ndio waliomsaliti. Au huchoma gazeti lenye maneno yake ya zamani.

Alama ya tatu, nami naiona kubwa kuliko zote, ni swali. Baada ya mtu kubadilika, je, yule aliyeanza kazi kwa ajili yake aweza bado kumwendea na kumwuliza, na akarudi nyumbani kwake salama? Matteotti aliuliza, hakurudi. Mjane wetu aliuliza, akarudi nyumbani na mlango umefungwa nyuma yake. Mtu aweza kubadili chama, bendera na hata njia ya kufikia alitakalo, na bado akawa mwaminifu, maadamu mnyonge abaki mbele yake ni mtu mwenye uso na jina na ulimi. Siku mnyonge anapokuwa ni neno tu la kutilia hotuba nguvu, mtu huyo amekwisha geuka, hata kama hajahama chama chake kwa siku moja.

Basi kijana wangu wa Gakindu, hili ndilo jawabu langu. Mussolini hakuwa mwongo mtupu tangu mwanzo, na wala hakuwa mkweli aliyeharibika kwa ghafula. Alikuwa mkweli katika chuki yake, na hakuwa na mapenzi ya kuitia lijamu chuki hiyo. Na umeuliza umwamini nani. Usimwamini mtu kwa sababu alifungwa zamani, wala kwa ukali wa maneno yake juu ya wenye kudhulumu. Mwamini kwa kadiri anavyokubali kuulizwa, na asiyekuwa na nguvu, mbele ya watu, siku asiyoipenda. Akianza kuona maswali kuwa ni uadui, mwambie mapema, hali bado akusikia. Na ukiona kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyechukizwa na swali, basi anza hapo.

Ama mimi, nalimtafuta yule mama niliporudi pwani, nikaambiwa kwamba amekwisha fariki. Nimewaomba wenzangu wa kamati ya sasa waifute kanuni ile. Wamenijibu kwamba nilete ombi langu kwa maandishi, nami nimeliandika.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyo vifuani.